Ofkati ya Madhabahuni

Nikiulizwa nilijifunzia wapi kushona kingo za kapeti, huwa nasema nilijifunza mwenyewe. Si kweli. Nilifunzwa na jirani yangu wa mtaa wa Mowlem, na sababu ya kutomtaja ni kwamba nikimtaja uso huniwaka moto, kana kwamba lile jambo lilitokea asubuhi ya leo na bado watu wamenikodolea macho.

Tulimwita Fundi. Mtaa ulikuwa na mafundi wa kila aina, wa viatu, wa redio, wa mabomba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walijua unamsema yeye, fundi wa kapeti, mume wa Mama Rhoda. Chumba chao kilipakana na changu. Mimi nilikuwa na cherehani yangu pale mlangoni, nikishona yunifomu za shule na majoho ya kwaya. Yeye alifanya kazi katika duka moja kubwa la kapeti kule Industrial Area, na kazi yake ilikuwa kwenda kwenye ofisi na majumba ya watu, kupima vyumba, kisha kurudi na kapeti na kuitandika kutoka ukuta hadi ukuta.

Siku aliyonipa kazi ya kwanza alikuja na vipande vya rangi rangi mabegani, akavimwaga mbele yangu. Nilivitazama nikamwambia, "Fundi, hizi takataka unataka nizifanyie nini?"

Alipiga magoti juu ya vile vipande, akaokota kimoja na kukipangusa vumbi.

"Usiite takataka, Mama Wambui. Hii ni ofkati."

"Ofkati ndiyo nini?"

Nadhani hakuna swali lililompendeza maishani kuliko hilo. Alikaa sawasawa. Akanieleza kwamba kapeti hutoka kiwandani ikiwa imenyooka, haijui chumba. Chumba nacho kina kona, kina mlango, kina nguzo iliyojitokeza. Basi fundi huitandaza, kisha huikata ifuate ukuta. "Sasa kile kipande ambacho chumba kimekataa," alisema, "hicho ndicho ofkati. Mwenye nyumba hana haja nacho. Duka haliwezi kukiuza. Kwa hivyo ni cha fundi, na hakuna mtu atakuuliza."

Alinifunza kukunja kitambaa kwenye ukingo wa kipande, kukishona kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, na kuvuta bila kukunjamanisha, mpaka kile kilichokataliwa na chumba kikawa zulia dogo la mlangoni au la kando ya kitanda. Mama Rhoda ndiye aliyeyauza mazulia hayo, pale njia ya kwenda Umoja. Vidole vyangu viliota sugu. Fundi alikuja jioni kukagua, akipitisha kidole gumba kwenye mshono mzima. Hakusifu kamwe. Akiwa ameridhika alisema tu, "Leta kingine."

Alikuwa mkali kuhusu neno ofkati kuliko watu wengine walivyo wakali kuhusu majina yao. Kulikuwa na ofkati, na kulikuwa na mwisho wa roli, yaani kipande kinachobaki roli ikiisha, na hicho ni mali ya duka hata kiwe kidogo namna gani. Kisha kulikuwa na kile kinachobaki kwa sababu fundi alipima vibaya. Hicho, alisema, si ofkati hata kidogo, hiyo ni kapeti ya mwenye nyumba, maana ndiye aliyeilipia, na fundi anapaswa kumwonyesha na kumwambia, nimekosea. Mafundi vijana hawakuwa na subira na hayo. Kwao ofkati ilikuwa kitu chochote kinachoweza kupita getini bila askari kuuliza, hata kopo la gundi. Fundi alikuwa akiwaiga wanavyoongea, huku akitikisa kichwa.

Sisi wa ploti tulilichukua lile neno tukalifanya letu. Ugali wa jana ukawa ofkati. Kipande cha sabuni kilichobaki bombani, ofkati. Siku moja mama mmoja wa chumba cha mwisho alisema mume wake, ambaye alionekana nyumbani wikendi tu, ni ofkati ya mwanamke mwingine. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Fundi alikuwa ndani anakunywa chai. Alitoka, akasimama mlangoni na kikombe mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Hapana, mama. Huyo amekatwa kwa makusudi. Hiyo si ofkati." Halafu akarudi ndani. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nyumbani kwake sakafu nzima ilikuwa imetandikwa ofkati alizoziunga mwenyewe, kijani na kahawia na samawati, viungo vyake havionekani mpaka uinamishe kichwa. Mtu hakuingia na viatu. Wageni wenye soksi zilizotoboka walipata taabu sana pale, wakikaa wameficha vidole chini ya kiti. Kila mtoto aliyezaliwa kwenye ploti yetu alipelekewa kipande cha kutambalia, na mama wa mtoto akianza kumshukuru, yeye alikuwa tayari ameshageuka anaondoka. Wambui wangu alijifunza kukaa juu ya kipande chake chekundu.

Kazi yenyewe ilikuwa imemmaliza magoti. Mafundi wa kapeti wana kifaa fulani chenye meno upande mmoja na mto upande wa pili; meno hushika kapeti, na fundi hupiga ule mto kwa goti ili kapeti ivutike hadi ukutani. Alikuwa amepiga hivyo miaka yote ya ujana wake. Goti la kulia lilikuwa limekuwa kubwa kuliko la kushoto, gumu, na akitembea alilitupa kando. Kanisani, wengine tulipopiga magoti kuomba, yeye alisimama ameegemea ukuta wa mabati. Hakuweza kulikunja juu ya simiti. Mama Rhoda naye hakuwa na magoti mazuri, lakini hakukubali kusimama. Alipiga magoti mbele kabisa, juu ya simiti iliyochubuka, na alipotaka kuinuka ilibidi wanawake wawili tumshike makwapa. Nilikuwa mmoja wao mara nyingi. Ukimwinua unamsikia akizuia pumzi ili asilie, na ukigeuza macho unamwona Fundi kule ukutani, ameukaza mdomo, anamtazama mkewe.

Siku moja alikuja na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na roli iliyofungwa kwa kamba, na alipoifungua ilikuwa kapeti ya rangi ya damu ya mzee yenye vitone vya kijivu, nzito, mpya, bado inanuka kiwanda. Akasema ni ya kanisa, ya kutandikwa mbele pale madhabahuni, na kama ningeweza kuishona kingo kabla ya Jumapili angeshukuru. Kwa yeye kutaja shukrani, nilijua ni jambo kubwa.

Ilijaza chumba changu, ikatoka mlangoni hadi barazani. Nilikaa juu yake nikishona, nikamuuliza, si kwa kushuku, ni kwa mshangao tu, "Hii nayo ni ofkati?"

"Ni ofkati," alisema.

Niliwaza chumba kilichokataa kipande hicho lazima kiwe na kona za ajabu. Basi. Maana ya neno hilo niliipata kinywani mwake, na sikuwa na mahali pengine pa kuiuliza.

Jumapili hiyo wanawake walilia. Mama Rhoda alitangulia kupiga magoti, akakaa hapo muda mrefu kuliko maombi yenyewe, viganja vyake vikipapasa manyoya ya kapeti kama mtu anayepapasa ng'ombe. Alipoinuka, aliinuka peke yake. Pasta alimwita Fundi mbele aseme neno. Alikataa kwa mkono, bila kutoka ukutani.

Sasa nimtaje Shadrack. Alikuwa mmoja wa vijana waliofanya kazi chini ya Fundi, mtu mrefu, mcheshi, aliyeoa karibuni na kupanga chumba kule Kayole. Alikuwa akija kwetu mara moja moja kumsaidia Fundi kubeba vifaa, na Mama Rhoda hakumwachia aondoke bila kula. Alinisalimu kwa sauti akiwa bado kwenye geti: "Sasa mathee! Cherehani bado inakubali?" Nilimpenda.

Ile kapeti ilikuwa imekaa kanisani miezi kadhaa Fundi aliporudi jioni moja akatukuta barazani, mimi na Mama Rhoda, tukichambua maharagwe kwenye uteo. Alisimama. Akasema Shadrack amefutwa kazi. Askari wa geti alimshika na kipande cha kapeti, yeye akasema ni ofkati, askari akampeleka kwa mwenye duka. Mwenye duka akamwita Fundi, kwa kuwa duka zima lilijua yeye ndiye wa kuulizwa.

"Nikaitandaza pale chini," alisema Fundi. "Ingetosha chumba cha kulala, na kabati juu yake. Nikasema, hapana. Hii si ofkati."

Mama Rhoda aliacha kuchambua. "Shadrack alikuwa hapo?"

"Alikuwa hapo."

"Ana mtoto mchanga, Baba."

"Niliulizwa neno, Mama Rhoda. Sikuulizwa habari za mtoto."

Aliyasema hayo akiwa amenyooka, na nitasema ukweli, alionekana kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Mama Rhoda aliinuka akaingia ndani, akaniachia uteo wote. Fundi alinitazama kama anayengoja niulize zaidi. Nilichambua maharagwe.

Baada ya hapo kukawa na arusi kanisani, ya msichana wa kwaya yetu. Bwana arusi alifanya kazi kiwandani, hatukumjua vizuri, na hakuna aliyetuambia msimamizi wake atakuwa nani. Walipoingia nikamwona Shadrack, ndani ya suti ya kijivu iliyombana mabegani, ua jeupe kifuani. Alikuwa amekonda. Akasimama mbele, kando ya bwana arusi, juu ya ile kapeti.

Mimi nilikuwa kwenye kwaya, upande, kwa hivyo nilikuwa nikiuona uso wake. Mwanzo alitabasamu kama wasimamizi wote. Kisha akaanza kutazama chini. Wakati wa mahubiri aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, akashika pembe ya kapeti iliyolegea msumari, akaigeuza kidogo, akatazama upande wa chini. Niliuona mshono wangu kati ya vidole vyake. Akairudisha, akasimama. Baada ya hapo hakutabasamu tena.

Viapo vikaapwa, pete zikavalishwa. Kabla ya maharusi kwenda kutia sahihi, pasta, kwa wema wake, akasema msimamizi aseme machache.

"Bwana asifiwe," alisema Shadrack.

"Amen."

"Nawapongeza maharusi. Mungu awabariki. Lakini kuna mzee wangu namwona pale kwa ukuta, nataka kumuuliza kitu kimoja." Watu wakageuka, wengine wakitabasamu, wakidhani ni mzaha wa arusi. "Fundi, hii kapeti nimesimama juu yake tangu asubuhi. Mimi na wewe ndio tuliibeba kwa mabega, tukaipandisha ngazi za ile ofisi ya mjini kwa sababu haikuingia kwa lifti. Tulipomaliza, kikabaki kipande hivi. Nikakuuliza kinaenda wapi. Ukaniambia kinarudi stoo." Alizungusha macho kanisani. "Kumbe stoo ni hapa."

Kuna waliocheka.

"Ndugu," pasta alisema, "hayo tutayaongea nje."

"Si vita, pasta. Yeye ndiye alitufunza. Nataka tu aniambie, hii tunaiita nini?"

Fundi alitoka ukutani. Alilitupa lile goti lake kando, hatua moja, nyingine, akasimama katikati ya njia, na tukamsikia sote, maana hakuna hata mtoto aliyelia.

"Ameuliza, pasta. Wacha nijibu. Si ofkati. Nilipima kile chumba nikaongeza. Nilijua naongeza."

"Na yangu je?" aliuliza Shadrack.

"Yako pia haikuwa."

"Yangu najua haikuwa!" Sauti ya Shadrack ilipasuka hapo, na ndipo nilipojua kwamba hakuja na hasira peke yake. "Nilikuwa natafutia mtoto wangu pa kulala. Lakini wewe ulisimama pale ukaniangalia kwa macho, na yako ilikuwa iko wapi?"

"Ilikuwa hapa," alisema Fundi. "Ilikuwa hapa tayari."

Shadrack alitazama viatu vyake, akashuka kwenye kapeti, akasimama kwenye simiti. Bibi arusi alikuwa akilia, na si kilio cha arusi. Watoto waliokuwa wamekaa mbele wakaanza kuondoa miguu juu ya kapeti, mmoja mmoja, kama vile ina moto. Pasta akaomba wimbo. Tuliuanza juu mno, tukashindwa kuupanda, tukaushusha katikati, na mimi nilikuwa nikiimba huku nimeficha mikono nyuma ya joho langu. Kila aliyejua mambo ya ploti yetu alijua ni nani aliyeshona ule ukingo. Nilihisi macho yao kwenye vidole vyangu. Mama Rhoda alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakugeuka nyuma kumtazama mumewe, si wakati huo, wala baada ya arusi.

Wazee wa kanisa walikutana, na kwa aibu yetu sote, wengi walitaka kapeti ibaki. Walisema imeshaombewa. Walisema ile ofisi haijui hata kwamba imepungukiwa. Pasta mwenyewe alisema kitu kikishafika madhabahuni kimetakaswa. Fundi alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Walipomaliza akasema, "Jumatatu nitakuja kuitoa," akachukua kofia yake akaenda.

Jumatatu hiyo aliing'oa, msumari kwa msumari, akaikunja roli. Hakuja na mkokoteni. Alinyanyua upande mmoja, na upande wa pili Mama Rhoda alikuwa ameshauweka begani. Hakuna aliyemwita. Walipita hivyo katikati ya mtaa, mchana kweupe, mbele ya kioski, mbele ya foleni ya maji, mbele yetu, yeye akichechemea mbele na mkewe nyuma, na ile kapeti ya rangi ya damu ya mzee ikiwa katikati yao kama maiti. Nilitafuta neno la kuwaambia. Pole haikufaa. Hongera haikufaa. Wakapita.

Kule ofisini hawakumwelewa. Alikaa siku nzima sehemu ya kupokelea wageni na roli yake ukutani, akimweleza kila mtu aliyepita kwamba amerudisha kapeti yao, na kila mtu akamtuma kwa mwingine, mpaka wakamwambia aipeleke dukani aliponunua. Akaipeleka. Mwenye duka alimsikiliza, kisha akamfuta kazi, na nasikia alimfuta kwa huzuni.

Mama Rhoda alirudi nyumbani kwao upande wa magharibi kabla ya mwezi kwisha. Aliniaga akiwa amebeba mtungi na begi moja. Aliniambia, "Mimi nilimshukuru Mungu kwa yale magoti, Mama Wambui. Nilimshukuru mbele ya watu."

Na lile neno likaharibika kabisa. Mowlem yote ofkati ikawa kitu cha wizi kilichovaa nguo za Jumapili. Makondakta walilitumia. Watoto walimpigia Fundi kelele akipita, "Ofkati! Ofkati!", naye hakuwakemea, hata kuwasahihisha hakuwasahihisha. Wateja wangu walileta vitambaa wakisema kwa kicheko, "Usinifanyie ofkati, mama." Walikuwa wanatania. Mimi sikuweza kucheka. Fundi alihama asubuhi moja bila kuaga, akaacha sakafu imetandikwa jinsi ilivyokuwa, na lendilodi akampangisha mtu mwingine pamoja na ile kapeti. Nami baadaye nikahamia Kayole, ambako hakuna aliyenijua.

Miaka ilipita. Nilipata kazi ya kushonea yunifomu shule moja ndogo ya mabati kule Mukuru kwa Reuben, na siku ya kupeleka, nikitafuta njia kati ya nyumba, nilimwona mtu amekaa mlangoni kwake kwenye stuli, ananoa kisu cha kukatia. Nilimtambua kwa goti kabla ya uso. Niliwaza kugeuka, lakini mzigo ulikuwa kichwani na njia ilikuwa moja.

"Mama Wambui," alisema. Aliinuka kunitua mzigo.

Alikuwa amezeeka vizuri. Alikuwa akitandika plastiki sakafuni, zile za maua, katika vyumba vya majirani, kazi ya hapa na pale. Alinipa stuli, yeye akakaa kizingitini. Niliuliza habari za Mama Rhoda. Akasema yuko mzima, na kila Krismasi yeye hupanda basi kwenda kumwona. "Ananipikia. Ananipa maji ya kuoga. Majirani wakiuliza anawaambia amepata mgeni." Alicheka kidogo. "Nami nakaa kama mgeni. Sigusi kitu mpaka nipewe."

Nikamuuliza kama alipata kuonana na Shadrack.

"Nilimtafuta. Anauza mitumba huko kwenu Kayole, karibu na Spine Road. Nilisimama mbele ya nguo zake, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaniuliza, 'Ukifutwa na wewe, mimi nimepata nini?' Nikasema hakuna. Nikamwambia nilirudi kwa mwenye duka kumwombea kazi, nikafukuzwa. Akasema, 'Basi usikuje hapa tena.'"

"Ulirudi?"

"Sikurudi." Alitazama kile kisu. "Hilo ndilo jambo moja aliloniomba, Mama Wambui. Nilimfanyia."

Wakati huo jirani yake, mwanamke wa makamo mwenye leso kiunoni, alitoka kumwaga maji. Nikajiweka sawa, kama mtu anavyojiweka mbele ya wageni, nikishukuru moyoni kwamba huyu angalau hajui habari zetu, mimi wala Fundi, na kwake sisi ni wazee wawili tu wanaoongea.

"Mama Atieno," Fundi alimwita. "Kuja umsalimie mtu. Huyu ndiye yule mama niliwaambia. Aliyenishonea ile kapeti niliyoiba ya kanisa."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, ile ile ambayo angesema nayo, huyu ni shemeji yangu. Nilitaka ardhi inimeze. Damu yote ilinipanda masikioni, nikaanza kusema kwamba mimi sikujua, kwamba niliambiwa ni ofkati. Kumbe alikuwa ameshawaambia wote. Baadaye, akinisindikiza, alinieleza kwamba kila anapohamia huwaambia majirani siku ya kwanza, kabla ya kuomba hata chumvi, na kwamba hapo tayari wamezoea.

Lakini pale mlangoni sikuyajua hayo. Niliyaona tu macho ya yule mwanamke yakishuka taratibu hadi kwenye mikono yangu, na nikawa sina pa kuificha. Alipangusa mkono wake kwenye leso, akaunyoosha.

"Aah, ni wewe?" alisema. "Karibu. Tunasikianga ulishona vizuri sana."

Nikampa mkono.